MKONO NA MASHINE: MAS-ALA YA ALIYEKATWA KIUNGO KAZINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa mikono miwili ya kuchumia riziki na ya kuinulia dua. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Amma baada ya hayo. Kazi za mikono katika miji ya pwani zimegeuka. Aliyekuwa akikuna nazi kwa mbuzi, leo ameketi mbele ya mashine ya umeme. Waliokuwa wakipasua mbao wawili wawili kwa msumeno wa kuvutana, leo mmoja wao husukuma ubao peke yake kuuelekea msumeno wa mviringo. Muuza maji ya miwa ana magurudumu ya chuma yanayoumeza muwa kwa upande huu na kutema makapi kwa upande wa pili. Na Tanga, tangu mkonge ulipoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, wamepita watu wengi waliosimama mbele ya korona wakiilisha majani. Hata mashine ya kupigia chapa ni ya jamii hiyo, khasa ile ya kukanyagwa kwa mguu: chuma chake hufunguka na kufunga kama kitabu, na mchapaji hana budi kutia karatasi na kuitoa kabla hakijafunga. Wapigaji chapa wa zamani walijuana kwa vidole vyao vilivyopungua.

Basi ajali ya mkono si jambo la viwanda vikubwa tu. Imo madukani na vibarazani, na mara nyingi mwenye mashine na mwenye kuumia ni watu wa mtaa mmoja na msikiti mmoja. Hapo ndipo mas-ala huwa mazito, kwani mtu huona haya kumdai jirani yake, na jirani hudhani kwamba alichotoa ni hisani.

FASLI: JINSI MKONO UNAVYOKWENDA

Watu husema, "Alizembea." Huenda, lakini mashine haimngoji mtu azembee. Mwanadamu akishituka, hupita kadiri ya robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kurudi. Msumeno unaozunguka mara 3,000 kwa dakika huwa katika robo hiyo umekwisha zunguka mara kumi na mbili. Na magurudumu ya kukamulia miwa yana hila mbaya kuliko msumeno, kwani msumeno hukata ukaachia, ama magurudumu hushika ncha ya kidole, kisha yakavuta kitanga, kisha mkono, wala hayaachi mpaka mtu mwingine azime. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo isiyokuwa na kizimio karibu na mkono wa mwenye kuitumia, na kisanduku cha chuma cha kuzuia vidole mbele ya magurudumu, ni mtego.

Na liko jambo linalowakhusu Waislamu wa pwani zaidi ya wengine. Mwanamume kuvaa pete ya fedha ni sunna, na wengi hawaivui hata walalapo. Mbele ya mashine pete hiyo hugeuka kuwa ndoana: chuma kikiikamata, huvua ngozi na nyama ya kidole chote kama kuvua soksi, na mara nyingi kidole hicho hakitengenezeki tena. Haikuwa makosa kuvua pete kwa ajili ya kazi, wala si kuacha sunna; huvaliwa tena baada ya kazi. Mikono mipana ya kanzu na shuka ya begani ni vivyo hivyo. Tena wengi hudhani mifuko ya mikono ni kinga kwa kila kazi. Ni kinga kwa vioo, na kwa mabati, na kwa vitu vya moto. Ama kwa mashine izungukayo, kama ya kutobolea, mfuko wa mkono hunaswa na kuuvuta mkono uliomo ndani.

FASLI: SAA YA KWANZA

Kidole kikikatika, jambo la kwanza ni kuzima mashine, na la pili ni damu. Damu huzuiwa kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila ya kulegeza, na mkono uinuliwe juu ya kifua. Kamba hufungwa juu ya jeraha pale tu ambapo damu imeshindikana kwa kukandamizwa, na ijulikane saa iliyofungwa. Unga wa kahawa, mafuta ya taa, majivu na dawa ya meno visitiwe. Vyote hivyo humfanya mganga wa hospitali atumie muda kusafisha uchafu ambao haukuwamo.

Na kile kipande kilichokatika kisitupwe, kwani katika zama hizi huwezekana kuungwa. Mwaka 1963 katika mji wa Shanghai, mfanyakazi wa kiwanda alikatwa mkono wa kuume na mashine ya kupigia chuma, na tabibu Chen Zhongwei pamoja na wenzake wakaurudisha. Mwaka 1965 huko Nara, Japani, Komatsu na Tamai walirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, kwa kushona mishipa ya damu chini ya darubini. Hospitali za namna hiyo si nyingi pwani, lakini asiyekichukua kipande amekwisha ufunga mlango kabla ya kubisha. Kipande hufungwa kwa kitambaa safi kilichorutubishwa kidogo kwa maji ya chumvi ya hospitali, kikatiwa katika mfuko wa plastiki usiopenya maji, na mfuko huo ndio uwekwao juu ya maji yenye barafu. Kipande chenyewe kisigusane na barafu, kwani barafu huua nyama. Wala kisilowekwe majini. Kidole kilichohifadhiwa hivyo hustahimili kadiri ya saa 24, na bila ya baridi kadiri ya saa 12. Ama mkono mzima wenye nyama nyingi hauchukui muda huo. Bila ya baridi saa zake ni kama sita. Na mtu asisahau sindano ya pepopunda.

Kipande kisichowezekana kurudishwa, madhehebu ya Imamu Shafi ni kwamba hufungwa kitambaa kikazikwa kwa heshima, wala hakioshwi wala hakisaliwi, kwa kuwa mwenyewe yu hai.

Hapa pana dhana ya kuondolewa. Aliyekatwa mkono huweza kuhisi vidole asivyokuwa navyo vikimwuma na kumkunja, hata miezi na miaka. Watu wakamwambia kuwa mkono umezikwa vibaya, ufukuliwe. Au kuwa ameingiwa na jini. Si hayo. Mishipa ya hisia na ubongo bado vina picha ya mkono uliokuwapo, na matabibu wanaijua maradhi hiyo tangu Silas Weir Mitchell alipoipa jina mwaka 1871. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwa kutazama mkono wao mzima ndani ya kioo, ukionekana kama ndio ule uliopotea. Basi aliyepatwa na hali hiyo aende kwa tabibu, na kaburi la mkono liachwe.

FASLI: TWAHARA NA SWALA

Jeraha likifungwa, na maji yakawa yanadhuru, Mshafi huosha pahala pazima pa kiungo, akapaka maji juu ya kitambaa, akatayammamu. Na kwa kuwa mkono ni kiungo cha tayammamu chenyewe, kauli itegemewayo katika madhehebu ni kuzilipa swala hizo baada ya kupona. Na kwa Imamu Abu Hanifa hakuna kulipa. Mgonjwa aliyeona uzito wa miezi miwili ya swala za kulipa amwulize mwanachuoni wake, asiache kuswali.

Baada ya kupona: aliyekatwa chini ya kiwiko ni wajibu aoshe kilichobaki mpaka kiwiko. Aliyekatwa katika kiungo cha kiwiko chenyewe, huosha ncha ya mfupa wa juu. Aliyekatwa juu ya hapo hana wajibu, ila ni sunna aoshe kigutu. Mkono wa bandia haukuoshwa kwa wudhu, kwa kuwa si mwili. Huvuliwa ili maji yafike kwenye ngozi ya pahala pa wajibu. Na asiyeweza kutawadha peke yake hutafuta msaidizi, hata kwa ujira wa kawaida ikiwa anao.

Katika swala, aliyekatwa kitanga huinua kigando cha mkono wake kwa takbiri. Aliyepoteza kidole cha shahada cha kuume haashirii kwa cha kushoto, kwani sunna ya mkono wa kushoto ni kuwa umekunjuliwa. Kula kwa mkono wa kushoto kwa aliyekosa wa kuume hakuna karaha, wala asikaripiwe mezani na wasiojua. Na akiwa ndiye msomaji wao, uimamu wake ni sahihi. Talha bin Ubaidullah mkono wake ulipooza Siku ya Uhud kwa kumkinga Bwana Mtume (s.a.w.), naye akaendelea kuwa mmoja wa matajiri na wakarimu wa Madina.

Wanavyuoni wamelitazama hata jambo la kiungo cha badala. Sahaba Arfaja bin Asaad alipoteza pua yake katika vita vya zama za ujinga, akajifanyia ya fedha, ikanuka, Bwana Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Kwa hadithi hiyo Imamu Nawawi amehalalisha katika Minhaj pua ya dhahabu, na jino, na ncha ya kidole, lakini si kidole kizima. Sababu waliyoitaja wafafanuzi ni nzuri kuizingatia: ncha ya kidole hufanya kazi pamoja na kiungo kilichobaki, ama kidole kizima cha dhahabu hakifanyi kazi, kikawa ni pambo tu. Basi wao walitazama manufaa ya kazi.

FASLI: THAMANI YA VIDOLE

Diya ya nafsi ni ngamia 100. Mkono mmoja ni nusu yake, ngamia 50. Kila kidole ni ngamia 10. Kila pingili ni theluthi ya kidole, ila gumba lenye pingili mbili, kila moja ni ngamia watano. Na mkono uliopooza kwa jinaya, ijapokuwa haukukatika, diya yake ni ya mkono uliokatika, kwa kuwa kilichoondoka ni manufaa yake.

Khabari ya vidole ina kisa chake, nacho Imamu Shafi amekitaja katika Risala. Sayyidna Umar (r.a.) alijua kuwa mkono ni 50, akaona kwamba vidole havilingani kwa uzuri wala kwa manufaa, akavigawanyia: gumba 15, kinachofuata 10, cha kati 10, cha pete 9, cha mwisho 6. Kisha ikapatikana kwa jamaa za Amr bin Hazm barua ya Bwana Mtume (s.a.w.) ya kwamba kila kidole ni ngamia 10, nao wakaishika barua wakaiacha rai. Na Ibn Abbas amepokea kuwa gumba na kidole cha mwisho ni sawa.

Ajabu ni kuwa matabibu wa leo, wanapopima ulemavu, wamerudi karibu na rai ya Umar. Vipimo vya madaktari wa Marekani hulipa gumba sehemu 40 katika 100 za mkono, cha shahada na cha kati sehemu 20 kila kimoja, na viwili vya mwisho sehemu 10 kila kimoja. Kwa kazi, wana hoja; asiye na gumba hashiki nyundo. Lakini hukumu ya sharia ina faida nyingine: haikungoja mabishano. Aliyekatwa kidole cha mwisho haambiwi kwamba kidole chake hakikuwa na kazi. Tena kidole cha mchukuzi ni ngamia 10 na kidole cha sultani ni ngamia 10.

FASLI: NI JUU YA NANI?

Hapa inafaa kusema kweli, ijapokuwa si tamu kwa kila sikio. Diya haiwi kwa kila aliyeumia. Abu Huraira amepokea hadithi ya kuwa anayeharibikiwa na mnyama, au kisima, au machimbo, hana wa kumdai. Na wanavyuoni wakafahamu kwamba mtu aliyeajiriwa kuchimba kisima kikamporomokea, mwenye kisima hadaiwi ikiwa hakukosea jambo. Mashine iliyo nzima, yenye kinga yake, ikamkata aliyeiendesha kwa mkono wake mwenyewe, kwa asili ya fikihi hukumu yake iko karibu na hiyo.

Lakini ni mashine ngapi zenye kinga yake? Tajiri aliyeiondoa kinga ili kazi iende upesi, au aliyemweka mtoto wa miaka 13 mbele ya magurudumu, au aliyeambiwa kuwa kizimio kimeharibika akasema "kesho," huyo amekuwa sababu kwa kuvuka mpaka, na mwenye kuvuka mpaka hudhamini. Na mwenziwe aliyewasha umeme hali mkono wa nduguye umo ndani akisafisha, huyo ndiye mtendaji, na mtendaji na mwenye sababu wakikutana, hukumu humwelekea mtendaji. Tendo lake ni khata, na diya ya khata huchukuliwa na aqila yake, yaani jamaa wa upande wa baba, ili mzigo usimvunje mmoja.

Sayyidna Umar alipoandika madiwani ya askari, aliijaalia diya ya askari ichukuliwe na watu wa diwani yake. Abu Hanifa akalifuata hilo, na Shafi akabaki kwa jamaa. Mwenye kuzingatia ataona kwamba mifuko ya fidia ya zama hizi ina sura ya diwani hiyo: wengi hutoa kidogo kidogo, ili mmoja akiumia asilale njaa.

FASLI: SHERIA ZA NCHI

Ujerumani ilianza bima ya ajali za kazi mwaka 1884, na Uingereza ikatoa sheria yake mwaka 1897. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2008, na mfuko wake wa fidia ulianza kazi mwaka 2015. Unguja na Pemba zina sheria yao. Msingi wa sheria hizi si kutafuta nani kakosa. Mtu akiumia kazini kwa sababu ya kazi, analipwa.

Je, ni halali kwa Mwislamu kudai kwa sheria hiyo, iwapo fikihi isingempa kitu? Waliokataza wamesahau kuwa ijara ni mapatano, na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika mwanzo wa Sura ya Maida mapatano yatimizwe. Tajiri aajiriye leo Mombasa au Dar es Salaam ameajiri hali anajua sharti hili limo ndani ya kila ajira. Asilipe kwa kuchagua kitabu baada ya mkono kukatika. Na ikiwa analipa kutoka kwa bima, dai la mfanyakazi liko juu ya tajiri. Hisabu ya alikotoa ni ya tajiri mwenyewe.

Kwa Kenya, aliyeumia humjulisha mwajiri wake mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi, na maandishi ni bora. Mwajiri naye hupeleka khabari kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Kazi ndani ya siku saba. Dai lina muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Desemba 2019, mlango wa kwanza ni kwa Mkurugenzi, si kortini. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa na tabibu kwa sehemu katika mia, na hisabu husimama juu ya mishahara ya miezi 96. Mfano: mshahara wa shilingi 15,000, miezi 96 ni shilingi 1,440,000; tabibu akiandika sehemu 10 katika mia, haki ni shilingi 144,000. Mwenye mshahara wa shilingi 60,000, kwa kidole kile kile na sehemu zile zile, ni shilingi 576,000. Hapo ndipo sheria ya ujira inapoachana na sheria ya ngamia, na msomaji ataona mwenyewe ni ipi iliyomtazama mchukuzi kwa jicho la usawa.

MAS-ALA YA KARATASI

Hutokea hivi. Mtu amelazwa, mkono umefungwa, mke yuko nyumbani na watoto. Tajiri huja, au humtuma mtu wa heshima, na pengine ni mzee wa msikiti. Hulipa hospitali, huweka juu ya kitanda shilingi 20,000, husema kwamba yote ni kadari, kisha hutoa karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mgonjwa, ya kwamba amepokea haki yake yote na hana dai tena. Mgonjwa hutia kidole.

Kadari ni haki, na kuiamini ni nguzo. Lakini Sayyidna Umar aliporudi njiani asiingie Sham yenye tauni, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Mkono kukatika ni kadari, na haki ya mkono ni kadari vile vile.

Sulhu baina ya Waislamu ni njema, na kusamehe kuna thawabu kubwa. Ila msamaha sharti lake ni kujua kinachosamehewa. Asiyejua kuwa haki yake ni 144,000 hakusamehe 124,000. Amenyang'anywa kwa adabu. Na mwenye kusamehe ni aliyekatwa, si mzee aliyetumwa, wala si ndugu zake. Kilicholipwa hospitali si sadaka, na tajiri asikihisabu katika zaka yake, kwani deni halilipwi kwa zaka.

Basi mgonjwa asitie kidole katika karatasi yoyote kabla ya mambo matatu kuwa mkononi mwake: maandishi ya tabibu ya kadiri ya ulemavu baada ya jeraha kutulia, khabari ya ajali iliyopokelewa ofisi ya kazi, na tafsiri ya karatasi hiyo kwa Kiswahili mbele ya mashahidi wawili waadilifu wasiokula kwa tajiri. Mzee wa msikiti aliyeombwa kuipeleka karatasi naye aitake isomwe kwanza mbele yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla hajavaa viatu vyake.

Wallahu aalam.